Nje ya sheria, ndani ya adhabu: jinsi FATA ilivyotawaliwa kwa miaka 117

Ukitoka mjini Peshawar, kaskazini-magharibi mwa Pakistani, ukaifuata barabara iendayo Afghanistan, muda si mrefu unafika Jamrud, mlangoni pa eneo lililoitwa FATA. Pale pana lango kubwa lenye minara miwili, lililojengwa miaka ya 1960, na mbele yake milima ya Khyber inaanza kupanda. Kwa zaidi ya karne moja, aliyepita hapo aliendelea kuwa ndani ya nchi ileile, lakini sheria za nchi alikuwa ameziacha mgongoni. Zilizomsindikiza ziliishia kwenye barabara yenyewe na ukanda mwembamba wa kando yake. Mtu akiua barabarani, kesi ni ya serikali. Akiua hatua chache kutoka hapo, nyuma ya kuta za udongo za boma lake, shauri hilo ni la ukoo wake na ukoo wa marehemu. Polisi hawakuwa na la kufanya, maana hapakuwa na polisi.

Hadithi hii ya barabara waandishi wa safari waliipenda sana, na baada ya 2001 vyombo vya habari vya dunia viliikuza mpaka eneo zima likaitwa nchi isiyo na sheria. Nadhani jina hilo limetuchelewesha kulielewa eneo lenyewe. Sheria ilikuwapo, imeandikwa, ina vifungu na namba, na ilikuwa kali kuliko chochote alichokijua mkazi wa Lahore au Karachi. Ili kuona ilivyofanya kazi inabidi kwanza tujue ilitungwa kwa ajili ya nani.

FATA ni kifupisho cha jina la Kiingereza lenye maana ya Maeneo ya Kikabila Yanayosimamiwa na Serikali Kuu. Yalikuwa maeneo saba makubwa yaliyoitwa ejensi, nayo kutoka kaskazini kwenda kusini ni Bajaur, Mohmand, Khyber, Orakzai, Kurram, Waziristan Kaskazini na Waziristan Kusini. Sita yanapakana na Afghanistan. Orakzai peke yake imejificha ndani. Pembeni mwa hayo palikuwa na vipande sita vidogo, vilivyokaa kama pindo la nguo kati ya ejensi na wilaya za kawaida za Pakistani. Jumla ni kilomita za mraba 27,220, yaani karibu ukubwa wa Burundi, na sensa ya 2017 ilihesabu watu wapatao milioni 5. Karibu wote ni Wapashtuni: Waafridi, Wamohmand, Wawazir, Wamehsud, Waorakzai, Waturi na wengineo.

Waingereza waliikuta milima hii mwaka 1849, walipoushinda ufalme wa Masingasinga na kuitwaa Punjab pamoja na bonde la Peshawar. Bonde lilikuwa mali: maji yapo, ngano na miwa vinastawi, kodi inakusanyika. Mlimani hakuna cha kutoza, na kila kikosi kilichopanda huko kilirudi na majeneza. Hesabu ilikuwa nyepesi kwa serikali ya kikoloni iliyopenda sana hesabu. Bonde litatawaliwa. Mlima utadhibitiwa tu, na kwa gharama ndogo iwezekanavyo.

Hata bondeni mahakama za mtindo wa Kiingereza zilikwama. Mtu ameuawa mchana, kijiji kizima kimeona, shahidi hapatikani. Kwa Mpashtuni kisasi ni deni la heshima kati ya familia mbili. Kwenda kumweleza hakimu mgeni ni kujivunjia uso. Mwaka 1872 watawala wakatunga kanuni ya makosa ya mpakani iliyomruhusu ofisa kuiondoa kesi mahakamani na kuikabidhi kwa baraza la wazee, jirga. Ikarekebishwa 1887, kisha ikaandikwa upya 1901. Hiyo ya mwisho ndiyo iliyodumu, na watu waliiita kwa herufi zake tatu za Kiingereza, FCR.

Katikati ya miaka hiyo kilitokea kitu kingine. Mnamo Novemba 1893 Sir Mortimer Durand, mjumbe wa serikali ya Uingereza huko India, alitia saini makubaliano na Amiri Abdur Rahman Khan wa Kabul kuhusu ni nani awe na ushawishi wapi. Mstari uliochorwa ulipita katikati ya makabila, Wamohmand wakawa huku na kule, Wawazir vilevile. Tangu Pakistani izaliwe 1947 hakuna serikali ya Afghanistan iliyoukubali rasmi kuwa mpaka wa kimataifa, wafalme, wakomunisti na hata Taliban wakiwemo.

Hapa pana jambo ambalo maelezo mengi huliruka. Mipaka ilikuwa miwili. Wa kwanza ulikuwa huo wa Durand, ulioonyesha wapi dola inaishia mbele ya dola nyingine. Wa pili ulikuwa wa ndani, chini ya vilima, ulioonyesha wapi mahakama, kodi na polisi vinaishia. Ardhi iliyobaki kati ya mistari hiyo miwili ndiyo iliyokuja kuitwa FATA. Kwa Waingereza ilikuwa zulia la kufutia miguu mlangoni: Urusi ikishuka kutoka Asia ya Kati itakanyaga pale kabla ya kuingia sebuleni. Na zulia halipewi haki.

Makabila hayakukaa kimya. Mwaka 1897 moto uliwaka kuanzia Malakand hadi Khyber, na ililazimu Uingereza kupeleka zaidi ya askari 30,000 kwenye mabonde ya Tirah peke yake. Ofisa kijana anayeitwa Winston Churchill alikuwa Malakand mwaka huo, akipigana na huku akiandikia magazeti. Miaka minne baadaye Lord Curzon, mtawala mkuu wa India, aliamua kuondoa majeshi ya kawaida kwenye ngome za mbele, kuweka wanamgambo wa kikabila wanaolipwa na serikali, kuunda jimbo jipya la mpakani na kuitoa ile kanuni upya. Mfumo wote tutakaouona hapa chini ulikamilika mwaka huo wa 1901.

Kila ejensi ilikuwa na mtu mmoja juu kabisa. Cheo chake kilikuwa Wakala wa Siasa. Tafsiri hiyo inaweza kumdanganya msomaji akadhani ni mjumbe au mpatanishi. Alikuwa mkuu wa utawala, mwendesha mashtaka, hakimu, mlinzi wa hazina na mlinda mlango kwa pamoja. Aliteua wazee wa jirga ya kesi, akapokea maoni yao, na kama hayakumpendeza aliweza kuyarudisha au kuteua jirga nyingine. Hukumu ilikuwa yake.

Jirga hii lazima itofautishwe na ile ya wenyewe. Jirga ya watu hukaa duara, hakuna kiti cha mkubwa, kila mwanaume mzima anaweza kusema, na jambo huzungumzwa hadi pasiwe na anayepinga. Wanawake hawaketi humo hata kama kinachoamuliwa ni maisha yao, na hilo si la kulifunika kwa sifa za mila. Jirga ya serikali iliazima jina na sura ya ile ya kwanza, ikaacha roho yake nje. Wanajirga walichaguliwa na ofisa, walilishwa na ofisa, na walijua anachotaka kusikia.

Wenyeji walikuwa na msemo juu ya FCR ambao msomaji wa Kiswahili ataukamata bila shida, kwa kuwa Kiarabu kimetukopesha sote: hakuna *wakil*, hakuna *dalil*, hakuna rufani. Wakili ni yuleyule wetu. Dalili ni hoja au ushahidi. Mshtakiwa hakuwa na wa kumsemea, wala hoja ya kuweka mezani, wala mahali pa kukimbilia baadaye.

Lakini moyo wa kanuni ulikuwa vifungu vya adhabu ya pamoja, na hapa inafaa kwenda polepole. Tuseme vijana watatu wa ukoo fulani wa Kiafridi wameteka lori barabarani wakapotelea mlimani. Serikali haiwatafuti. Inamtuma mtu kwa wazee wa ukoo: tuleteeni vijana au mlipe. Wazee wakishindwa au wakikataa, kifungu cha 21 kinamruhusu Wakala kuutangaza ukoo wote, au kabila zima, kuwa adui. Kuanzia hapo mtu yeyote wa ukoo ule anayeonekana wilaya za kawaida anaweza kukamatwa. Fundi cherehani mwenye kibanda Peshawar miaka ishirini, dereva aliyepumzika kituo cha mafuta Kohat, mwanafunzi, mgonjwa hospitalini. Mali zao zinakamatwa, maduka yanafungwa, njia ya kwenda kwao inazibwa hata unga usipite. Vifungu vingine viliruhusu faini kwa kijiji kizima kama mtu ameuawa jirani na wanakijiji hawakumtoa muuaji, na kubomoa nyumba au kuhamisha makazi yaliyo karibu na mpaka. Kifungu cha 40 kilimruhusu Wakala kumtaka mtu aweke dhamana ya mwenendo mwema, na asipoiweka aende jela hadi miaka mitatu, pasipo kuthibitishwa kosa lolote alilokwisha kufanya.

Magazeti ya Pakistani yaliandika zaidi ya mara moja kuhusu watoto wadogo waliokutwa magerezani chini ya kanuni hii, wakitumikia adhabu ya ndugu ambaye hata hawakumjua. Kimantiki hapakuwa na kosa: mtoto ni wa ukoo, na mshtakiwa ni ukoo.

Wafuasi wa mfumo walisema Wapashtuni wenyewe wanaamini katika dhamana ya ukoo. Ni kweli nusu. Kwenye mila ukoo unabeba mzigo wa mtu wake, lakini nao una sauti: unajadiliana, unatoa fidia, unaomba hifadhi, unapatanishwa na jirani. FCR ilichukua mzigo ikaacha sauti.

Fimbo peke yake haiwezi kutawala mlima kwa miaka mia, kwa hiyo fedha nazo zilikuwapo. Kila kabila lililipwa ruzuku kwa kulinda barabara na kutulia. Waliopokea na kugawa walikuwa akina malik, wazee waliotambuliwa na serikali, na chini yao walikuwapo wenye kilemba cha heshima walioitwa *lungi*. Kwa asili Wapashtuni wengi wa milimani hawana machifu. Kila mwenye ardhi na bunduki anajiona sawa na mwenzake. Serikali ilihitaji mtu wa kuzungumza naye, ikamtengeneza. Cheo kikawa cha kurithi, kinatolewa na Wakala na kinaweza kufutwa na Wakala. Huko Waziristan mgao wa kila ukoo uliamuliwa kwa hesabu ya kale iitwayo *nikat*, iliyoganda kama jiwe: ukoo ulioongezeka mara tatu ulipata sehemu ileile ya babu zake, na magomvi ya hapo hayakwisha.

Barabarani walisimama makhasadari, walinzi wa kikabila. Nafasi ya khasadari ilikuwa ya ukoo, mara nyingi baba akimwachia mwana, na bunduki alikuja nayo mwenyewe. Mshahara ulitoka serikalini. Ukoo ukikosana na Wakala, mishahara ya makhasadari wake husimamishwa kwanza kabla ya jambo lolote lingine.

Wakala pia alishika vibali vya bidhaa zinazoingia ejensi, ngano na ng'ombe wakiwemo, pamoja na tozo za njiani. Fedha hizo ziliingia mfuko ambao hakuna mkaguzi aliyeufungua. Sishangai kwamba nafasi hiyo ilikuwa miongoni mwa zilizogombewa sana katika utumishi wa umma wa Pakistani.

Isidhaniwe kwamba wote waliokalia kiti hicho walikuwa majambazi. Kanali Robert Warburton, aliyesimamia Khyber kwa karibu miaka 18 kuanzia 1879, alikuwa na mama Mwafghani, alikisema Kipashto, na njia ilipitika wakati wake. Alistaafu 1897, na mwaka uleule Waafridi waliziteka ngome za Khyber. Utawala uliotegemea tabia ya mtu mmoja ulidumu kadiri mtu huyo alivyodumu.

Waziristan haikutulia kabisa. Katika miaka ya 1920 na 1930 Waingereza waliitumia kama uwanja wa kujaribia utawala wa angani: ndege zinadondosha vipeperushi vya onyo, kisha zinadondosha mabomu juu ya vijiji. Kuanzia 1936 mwanazuoni Mirzali Khan, ajulikanaye kama Fakiri wa Ipi, aliwasumbua kwa miaka kumi na zaidi, akiwalazimisha kuweka makumi ya maelfu ya askari kwenye milima hiyo. Hawakumkamata. Alifia huko mwaka 1960, akiwa amewasumbua hata warithi wao.

Warithi hao walikuwa Pakistani, na hapa ndipo ningetarajia hadithi igeuke. Uhuru umekuja Agosti 1947, mkoloni kaondoka, kanuni yake si ingeondoka naye? Muhammad Ali Jinnah aliamuru majeshi yaondoke Waziristan kabla ya mwaka kwisha, ishara ya heshima ambayo wazee wa huko waliikumbuka muda mrefu. Akina malik walitia saini hati za kujiunga na nchi mpya. Aprili 1948, mbele ya jirga kubwa mjini Peshawar, Jinnah aliahidi kutoingilia mambo yao na kuendeleza ruzuku. Wazee walifurahi. Kumbuka lakini ni wazee gani: walewale waliotengenezwa na mfumo. FCR ilibaki kama ilivyo.

Dola changa ilikuwa na sababu zake. Kabul ilikuwa ikidai Wapashtuni wa upande wa pili, kwa hiyo hakuna aliyetaka kuyaudhi makabila. Na yalikuwa na faida: Oktoba 1947 maelfu ya wapiganaji kutoka huko waliingia Kashmir. Eneo ambalo rasmi si la mtu linafaa sana kwa kazi ambazo serikali haitaki kuonekana ikizifanya. Faida hiyo ilikuja kuwa balaa baadaye.

Katiba ya 1973 ndiyo iliyoufunga mlango kwa kufuli. Ibara ya 247 ilisema sheria ya Bunge haitumiki FATA mpaka Rais aamuru, na kwamba Mahakama Kuu na Mahakama ya Juu hazina mamlaka huko. Haki za msingi zilikuwa zimeandikwa vizuri katika katiba hiyohiyo, lakini mtu wa Bajaur hakuwa na jaji wa kumpelekea dai kwamba zimevunjwa. Matokeo yake yanachekesha ukiyatazama kwa mbali: wabunge wa FATA walikaa Islamabad, wakapiga kura juu ya sheria za nchi nzima, sheria ambazo hazikuwahusu waliowatuma. Tena waliowatuma walikuwa wachache. Kabla ya uchaguzi wa 1997, wapiga kura wa FATA walikuwa ni akina malik na wenye vilemba, wasiofika 40,000. Mwananchi wa kawaida alipiga kura yake ya kwanza Februari mwaka huo, miaka 50 baada ya uhuru. Vyama vya siasa vilikatazwa kufanya kazi huko hadi Agosti 2011. Misikiti na madrasa haikukatazwa, hivyo kwa miaka yote hiyo mwenye kuhubiri ndiye pekee aliyekuwa na jukwaa.

Na shule? Sensa ya 1998 ilikuta wanaojua kusoma na kuandika ni takribani asilimia 17, na kwa wanawake asilimia 3.

Msomaji wa Wajir au Mandera huenda anaona kitu anachokifahamu. Haikuwa bahati mbaya. Dola ileile ya Uingereza iliitawala Wilaya ya Mpaka wa Kaskazini nchini Kenya kwa zana za aina hiyohiyo, ikiwemo sheria ya 1934 ya wilaya maalumu iliyomruhusu ofisa kulitangaza kabila kuwa adui na kuwakamata watu na mifugo yake. Na Kenya huru, kama Pakistani, iliendelea kuwatawala watu wa huko kwa sheria za pekee, hali ya hatari ikiondolewa 1991 tu.

Vita nitavipita haraka, maana vimesimuliwa sana. Wasovieti waliingia Afghanistan Desemba 1979, na FATA ikawa ghala: wakimbizi, silaha, fedha za Marekani na Saudia, makambi ya mujahidina. Baada ya 2001 wapiganaji wa al-Qaeda na Taliban walivuka mstari wa Durand na kujichimbia huko. Jeshi la Pakistani liliingia 2002, ikielezwa kuwa ni mara ya kwanza tangu Jinnah aliondoe. Droni ya Marekani iliua mara ya kwanza katika ardhi ya Pakistani Juni 2004, Waziristan Kusini. Aliyelengwa alikuwa Nek Muhammad, kamanda ambaye miezi miwili tu kabla yake jeshi lilitia naye saini mkataba wa amani. Desemba 2007 vikundi vya huko viliungana kuwa Taliban wa Pakistani.

Wapiganaji walifanya jambo ambalo utawala wa karne nzima ulilirahisisha. Waliwaua akina malik, mmoja mmoja, mamia kwa jumla, wengine wakilipuliwa wakiwa wameketi katika jirga. Daraja kati ya dola na watu lilikuwa ni hao peke yao, likakatika. Wakala akabaki ofisini bila mtu wa kumtuma. Hakukuwa na polisi waliochunguza mauaji hayo, wala mahakama ya kuyasikiliza, wala diwani wa kulalamika. Serikali iliyojinyima taasisi zote za kawaida ili kuokoa fedha iligundua kwamba sasa ina kitu kimoja tu cha kupeleka, nacho ni jeshi. Operesheni ya Juni 2014 huko Waziristan Kaskazini iliwahamisha karibu watu milioni moja.

Tarehe 16 Desemba 2014 wapiganaji waliingia shule moja ya Peshawar wakaua zaidi ya watu 140, wengi wao wanafunzi. Baada ya hapo hata wanasiasa ambao FATA haikuwahi kuwasumbua walikubali kwamba haiwezi kuachwa hivi. Kamati ya Sartaj Aziz ilianza kazi Novemba 2015, ikatoa ripoti 2016, na pendekezo likawa kuunganisha FATA na jimbo jirani la Khyber Pakhtunkhwa.

Waliopinga hawakuwa wachache. Vyama viwili, cha Maulana Fazlur Rehman na cha Mahmood Khan Achakzai, vilisema watu waulizwe kwa kura ya maoni. Wapo waliotaka FATA iwe jimbo kamili. Wengine waliogopa mahakama za Pakistani, na hofu yao haikuwa ya kijinga: kesi ya shamba Peshawar inaweza kumzeesha mtu, jirga humaliza kwa siku chache. Upande wa pili vijana waliosoma mijini, wengi wakiwa wakimbizi wa vita hivyo, walikuwa wamechoka. Januari 2018 kijana kutoka Waziristan Kusini, Naqeebullah Mehsud, aliuawa Karachi na polisi waliodai ni gaidi, uchunguzi ukakuta hana hatia. Maandamano yaliyofuata yalizaa vuguvugu la Wapashtuni likiongozwa na Manzoor Pashteen, likidai waliopotezwa warudishwe na mabomu ya ardhini yaondolewe.

Mei 2018 mambo yaliyokaa miaka 117 yalimalizwa kwa wiki moja. Bunge lilipitisha marekebisho ya 25 ya katiba tarehe 24 kwa kura 229 dhidi ya 1, Seneti siku iliyofuata, baraza la jimbo tarehe 27, na Rais Mamnoon Hussain akatia saini tarehe 31. Ibara ya 247 ilifutwa. Ejensi zikawa wilaya, Wakala wa Siasa akawa mkuu wa wilaya wa kawaida. Julai 2019 wakazi walichagua wawakilishi wa jimbo kwa mara ya kwanza.

Kwenye karatasi, basi, imekwisha. Chini, mambo yamekwenda kwa kusuasua. Majimbo mengine yaliombwa kuchangia asilimia 3 ya mgao wa kitaifa wa fedha ili kulijenga eneo, na fedha hiyo haikuja kama ilivyotarajiwa. Si kila jimbo lilikubali kupunguziwa sahani yake. Uwakilishi umepungua: viti 12 vya bungeni vimekuwa 6, na viti 8 vya Seneti vimeondoka kabisa. Ardhi ndiyo kaa la moto. Sehemu kubwa haikuwahi kupimwa wala kusajiliwa, kwa kuwa isiyolipa kodi haina haja ya daftari. Sasa mahakama inamuuliza mtu hati, naye ana neno la babu yake. Huko Kurram, ambako Washia na Wasunni wanaishi bega kwa bega, migogoro ya mashamba huvaa haraka joho la madhehebu. Novemba 2024 msafara wa magari ulishambuliwa, makumi ya watu wakauawa, na barabara ya kwenda Parachinar, mji mkuu wa Kurram, ikafungwa kwa miezi, dawa na unga vikaadimika. Mtu mzima wa huko hahitaji kuelezwa maana ya barabara kufungwa. Tangu Taliban warudi Kabul Agosti 2021, mashambulizi ya wapiganaji yameongezeka tena. Mwaka 2025 serikali ya Islamabad iliunda kamati ya kuangalia namna ya kuirudisha jirga. Ni jirga gani kati ya zile mbili, ndilo swali ningeanza nalo kama ningekuwa mjumbe.

Makhasadari nao, pamoja na wanamgambo wenzao, jumla yao takribani 28,000, waliingizwa polisi kuanzia 2019. Mtu aliyekuwa akisimama barabarani na bunduki ya baba yake, akilinda kwa niaba ya ukoo, sasa ana sare, namba na kitabu cha sheria anachotakiwa kukitumia dhidi ya jirani yake, hata binamu yake. Wengi wameuawa wakiwa kazini.

Mahakama zilianza Machi 2019, lakini kwa ajili ya usalama na ukosefu wa majengo kadhaa kati yake zilifunguliwa nje ya wilaya zinazozihudumia. Mahakama ya Waziristan Kaskazini ilikaa Bannu. Ya Waziristan Kusini ilikaa Tank, mji wa bondeni, ng'ambo ya ule mpaka wa pili. Mkazi wa Wana, mji wa Waziristan Kusini, mwenye kesi alipanda gari alfajiri, akashuka milima yote ile na vizuizi vyake vya jeshi, hadi mji uleule ambako Wakala wa Siasa alikuwa akihamia kila majira ya baridi, akisubiri wazee washuke kumwona.